Mafuta ya karafuu kwa chunusi za binti yangu: nilikosea wapi, na vipimo sahihi ni vipi?

Mama wa Watatu, Tanga

Habari za wakati huu ndugu zangu. Mimi ni mkazi wa Tanga mjini na ninaandika kwa ajili ya binti yangu wa kwanza, ambaye yuko kidato cha tatu na amesumbuliwa na chunusi tangu mwaka jana. Zilianza kwenye paji la uso, zikashuka mashavuni, na sasa baadhi yake zinatunga usaha na kuacha alama. Amefikia hatua ya kuvuta mtandio mpaka karibu na macho kila anapotoka nyumbani, na mzazi yeyote aliyelea msichana wa umri huo anajua jambo hilo linavyouma.

Mwezi uliopita wifi yangu alirudi kutoka Pemba akaniletea chupa ndogo ya mafuta ya karafuu. Alinieleza kwamba huko watu huyatumia kwa jino, kwa viungo vinavyouma na hata kwa vipele. Nami nilikuwa nimekwisha kusoma kwamba mafuta tete, yaani mafuta ya mimea yenye harufu kali yanayotolewa kwa mvuke, huua bakteria wa chunusi, kwa hiyo nikaona dawa imenifuata nyumbani. Nilichukua vijiko viwili vya chai vya mafuta ya nazi niliyoyatengeneza mwenyewe, nikaongeza kifuniko kimoja cha mafuta ya karafuu, kisha nikakamulia nusu ya ndimu kwa nia ya kung'arisha zile alama. Nikakoroga na kumpaka uso mzima Ijumaa usiku.

Baada ya dakika chache alilalamika kwamba panachoma. Nilimwambia avumilie kidogo, na kweli haukupita muda akasema hasikii tena maumivu, hata zile chunusi zilizokuwa zikimuuma ni kama zimekufa ganzi. Nikajua dawa inafanya kazi. Jumamosi asubuhi nilimpaka tena, naye akaenda uani kufua sare zake na za wadogo zake mpaka karibu na adhuhuri. Jumapili mashavu yalikuwa yamewiva na kuvimba. Kufikia Jumanne yametokea mabaka ya rangi ya kahawa iliyoiva sana, na moja limeshuka kama mchirizi kutoka shavuni, likapita chini ya taya hadi shingoni. Chunusi zenyewe zipo vile vile.

Nimeacha kumpaka. Ninachoomba kujua ni kama kosa liko kwenye mafuta yenyewe au kwenye kipimo changu, na kama ningetumia mafuta ya mti wa chai (tea tree), ambayo naona yanasifiwa sana, ningepaswa kuyachanganya kwa kiasi gani. Zaidi ya yote nataka kujua kama haya mabaka yataondoka.

Mzaliwa wa Wawi

Pole sana dada yangu, na mpe binti pole zangu. Mimi nimekulia Wawi, Chake Chake, si mbali na kile kiwanda cha mafuta ya makonyo cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, kwa hiyo harufu ya mafuta hayo ninaijua tangu sijaanza kusoma. Naomba niseme juu ya kitu ulichoshika mkononi, maana naona wengi wa bara hupewa chupa bila ya kupewa maelezo yake.

Karafuu ikishachumwa huchambuliwa. Kile kichwa huanikwa juani na kuuzwa, na kile kikonyo kinachobaki ndicho tunachokiita konyo. Makonyo hupelekwa kiwandani, yakapitishiwa mvuke ndani ya mapipa makubwa, na mvuke huo ukipoozwa hutoa maji na mafuta. Mafuta hayo kwa sehemu kubwa sana, kwa kawaida zaidi ya asilimia 70, ni kitu kimoja tu kinachoitwa eugenoli. Sasa tazama ukali wake. Karafuu kavu zilizo nzuri hutoa mafuta kiasi cha asilimia 15 mpaka 18 ya uzito wake, na konyo hutoa kidogo kuliko hapo. Ukijaza kifuniko cha mililita mbili na nusu, umemwaga usoni nguvu ya karafuu zisizopungua 150, na hizo ni karafuu ambazo hata katika sufuria ya pilau la harusi zingewatoa watu machozi.

Wanaoandika juu ya usalama wa mafuta tete wanapendekeza kwamba mafuta ya karafuu yasizidi nusu asilimia katika kitu cha kupakwa kwenye ngozi. Vijiko vyako viwili vya chai ni mililita 10. Nusu ya asilimia moja ya hizo ni mililita 0.05, ambayo ni tone moja. Nakusihi uchukue bomba la sindano lisilo na sindano kutoka duka la dawa, upime kifuniko chako kinachukua maji kiasi gani, kisha uturudishie jibu hapa ili tujue ulizidisha mara ngapi.

Kuna jambo jingine dogo, ingawa halihusiani na uso. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, tofauti na mafuta tete mengi. Ukidondosha tone katika glasi ya maji, yaliyo safi huzama, na yaliyoghushiwa kwa mafuta ya kupikia huelea au hubaki yakihangaika juu. Ninalisema hili kwa kuwa wapo watakaokuambia kwamba uliuziwa mafuta mabovu, ilhali mafuta safi ndiyo yanayounguza zaidi.

Mfuasi wa Tiba Asili

Mimi sikubaliani na mwelekeo wa mazungumzo haya. Mabibi zetu wa pwani walijipaka singo, ule mchanganyiko wa kusugulia mwili wenye karafuu, mrehani, asumini na mawaridi, wakajipaka usoni liwa, ule mti wa harufu unaosagwa, na ngozi zao zilikuwa laini mpaka wanazeeka. Hawakuwa na mabomba ya sindano wala asilimia. Vitu vya asili havina madhara kama kemikali za madukani, na huko kuchoma pengine ni uchafu unaotoka kwenye ngozi. Binti angevumilia wiki mbili angeona matokeo.

Mzaliwa wa Wawi

Ndugu yangu, singo naijua, nimetwanga mwenyewe kwa ajili ya harusi ya dada zangu. Karafuu iliyomo ndani ya singo ni ya kusagwa, tena ni kiasi kidogo ndani ya rundo la mchele na maua, na mafuta yake yamo ndani ya unga, hutoka taratibu sana. Liwa nayo husagwa juu ya jiwe kwa marashi. Hakuna bibi hata mmoja niliyemwona akipaka usoni mafuta ya makonyo kutoka chupani. Hayo waliyaweka kwenye pamba kwa ajili ya jino, na mtoto akiigusa chupa alichapwa.

Mama wa Watatu, Tanga

Nimepima kama ulivyonielekeza kaka yangu. Kifuniko kinachukua mililita mbili na nusu kamili, kama vile ulikuwepo. Nikigawanya kwa mchanganyiko wa mafuta pekee, bila ndimu, napata asilimia 20. Ina maana nilizidisha mara 40. Nimekaa na lile bomba la sindano mkononi kwa muda mrefu, sina la kusema.

Tabibu wa Ngozi, Moshi

Mama, pole wewe na binti. Usijilaumu kupita kiasi, maana uso kama huo tunaupokea kila wiki, na mara nyingi aliyeupaka ni mtu aliyependa kusaidia. Mimi nilipata mafunzo katika kituo cha magonjwa ya ngozi kilichopo katika hospitali ya KCMC hapa Moshi, na ingawa siwezi kutoa kauli ya mwisho bila kumwona mgonjwa, maelezo yako yananionyesha mambo mawili tofauti ambayo umeyahesabu kuwa moja.

Jambo la kwanza ni la Ijumaa usiku. Eugenoli ndiyo ambayo madaktari wa meno huichanganya na oksaidi ya zinki kuziba jino kwa muda, na inapendwa katika kazi hiyo kwa sababu hutia ganzi. Usoni iliifanya kazi ile ile, yaani binti aliacha kusikia maumivu wakati ngozi ilikuwa bado inaungua, na kwa sababu hiyo nyote wawili mkadhani kwamba mambo yanaenda vizuri. Kumwambia ndugu yetu aliyesema kwamba kuchoma ni uchafu unaotoka: hakuna uchafu unaotoka kwa njia hiyo. Kuchoma ni ngozi inayoomba uoshe. Zaidi ya kuunguza, eugenoli ni miongoni mwa vitu vya manukato ambavyo sheria za Ulaya zinataka viandikwe wazi kwenye kibandiko kwa kuwa vinajulikana kusababisha mzio, na mtu akishapata mzio wa namna hiyo huwa nao maisha yake yote, hata kama baadaye atapaka kiasi kidogo.

Jambo la pili ni la Jumamosi, na hilo nadhani ndilo lililoacha mabaka. Ndimu, hasa ganda lake, ina vitu viitwavyo furanokumarini. Vikikaa juu ya ngozi gizani havifanyi neno, lakini vikipigwa na jua huamka na kuiunguza ngozi kwa ndani. Kuungua huko hakuonekani siku ile ile, huchukua siku moja hadi tatu, na baada ya hapo hubaki rangi ya kahawia. Uliposema kwamba baka moja limeshuka kama mchirizi hadi shingoni, hapo ndipo nilipoacha kuishuku karafuu peke yake, kwa sababu chunusi haziteremki kwa mchirizi, kinachoteremka ni majimaji. Hali hiyo hiyo tunaiona mikononi mwa wanaokamua ndimu za achari kisha wakakaa juani. Binti alikuwa ameinama juu ya beseni la nguo kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, na maji ya ndimu yalikuwa yamefuata njia yake.

Sasa kuhusu hatua za leo. Acheni kila kitu, pamoja na mafuta ya nazi. Aoshe uso mara mbili kwa siku kwa maji ya kawaida na sabuni isiyo kali, bila kusugua, kisha apake mafuta ya mgando mepesi kwenye sehemu zilizoungua tu mpaka ngozi itulie. Akae kivulini, na akitoka nje avae kofia pana au mtandio unaotia kivuli, pamoja na losheni ya kukinga jua, kwa sababu jua linazidisha weusi wa mabaka. Kama kuna malengelenge, majimaji yanayotoka, uvimbe karibu na macho au homa, msisubiri ushauri wa hapa, mpelekeni kituo cha afya leo.

Mabaka yataondoka, lakini kwa taratibu. Ngozi yetu nyeusi inapochokozwa hutengeneza rangi kwa wingi, na rangi hiyo hukaa miezi kadhaa, wakati mwingine zaidi ya mwaka kama imezama chini. Hii ndiyo sababu nawaambia wagonjwa wangu kwamba kwetu sisi dawa inayochoma ni dawa mbaya hata kama inaua bakteria vizuri, kwani chunusi yenyewe ingepona kwa wiki moja au mbili, lakini doa la kuungua litakuwepo mpaka binti yuko kidato cha nne. Kuna mtu dukani atakuuzia mkorogo wa kuyafuta haraka. Usiukubali. Mingi ina steroidi kali, zebaki au hidrokwinoni, na hivyo viwili vya mwisho vimepigwa marufuku nchini katika vipodozi. Steroidi nayo hulainisha uso kwa wiki chache, kisha huleta chunusi za aina yake ambazo ni ngumu kuzitibu kuliko hizi.

Kuhusu mafuta ya mti wa chai, hayo yana ushahidi, ingawa ni mdogo kuliko sifa zake. Mwaka 1990 watafiti wa Australia, ambako mti huo ndiko asili yake, walilinganisha wagonjwa 124, baadhi wakipaka jeli yenye asilimia 5 ya mafuta hayo na wengine dawa ya kupaka ya chunusi iitwayo benzoili peroksaidi, ya asilimia 5. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Waliotumia mti wa chai walichelewa kuiona, lakini ngozi zao hazikusumbuka sana kama za wenzao. Mwaka 2007 utafiti mwingine uliofanywa Iran kwa wagonjwa 60, kwa siku 45, ulionyesha kwamba jeli kama hiyo ilishinda jeli isiyo na dawa. Tafadhali zingatia neno jeli. Hakuna aliyepaka mafuta hayo yakiwa matupu, na hakuna aliyeyachanganya na mafuta ya nazi.

Ninalitaja nazi kwa makusudi. Chunusi huanza pale ambapo seli zilizokufa na mafuta ya ngozi yenyewe vinaziba kitundu cha kinyweleo, kisha bakteria wanaoishi humo wakaongezeka na mwili ukaanza kupambana nao. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa nywele na kwa miguu iliyokauka, lakini usoni kwa mtu mwenye chunusi huziba vitundu hivyo zaidi. Tena kuna ukungu unaoishi juu ya ngozi za watu wote, hustawi penye joto na unyevu kama huko kwenu Tanga, na chakula chake ni asidi za mafuta za aina inayopatikana ndani ya nazi. Ukungu huo huleta vipele vidogo vinavyolingana ukubwa, vinavyowasha, hasa kwenye paji la uso, kifuani na mgongoni, na watu wengi huviita chunusi. Naomba umuulize binti kama vipele vya kwenye paji vinawasha. Kama vinawasha, tiba yake ni tofauti kabisa na yote tuliyozungumza.

Kama haviwashi, mimi ningeanza na benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5, kiasi cha punje ya harage kwa uso mzima, usiku mmoja akipaka na mmoja akiacha, baada ya ngozi kupona. Hufanya kazi karibu sawa na ile ya asilimia 10, lakini haichokozi sana. Ipeni dawa hiyo wiki 8 hadi 12 kabla ya kuihukumu. Ila jihadharini na nguo, kwani inapausha foronya, taulo na mitandio.

Fundi Sabuni, Mbagala

Mama, shikamoo. Mimi natengeneza sabuni na mafuta ya kupaka kwa ajili ya kuuza, na kwa miaka kadhaa nimejifunza kwa kuharibu, kwa hiyo naomba niongeze mambo ya mezani ambayo tabibu hakuyagusa.

Usipime kwa kifuniko wala kwa matone kama unaweza kuepuka. Tunasema tone ni mililita 0.05, yaani matone 20 kwa mililita moja, lakini chupa ya duka moja hudondosha tone kubwa kuliko ya duka jingine, na mafuta mazito hudondoka tofauti na mepesi. Bomba la sindano la mililita moja linauzwa kwa bei ndogo sana katika duka lolote la dawa, na linaonyesha sehemu za mia. Ukitaka mchanganyiko wa mti wa chai wa asilimia 2 katika mililita 10, vuta mililita 0.2 za mafuta hayo na ujazilize kwa mililita 9.8 za mafuta ya kuzimulia. Ukitaka asilimia 5, ni 0.5 kwa 9.5. Mimi siwashauri wateja wenye ngozi iliyowahi kuungua wavuke asilimia 2, na apake juu ya chunusi yenyewe, si uso mzima.

Kwa mafuta ya kuzimulia, jojoba ni nzuri lakini bei yake inakatisha tamaa. Alizeti inayotoka Singida, iliyochujwa vizuri na isiyowahi kupikiwa, inafaa na ni nyepesi kuliko nazi. Baadhi ya watu hupendelea kutumia utomvu wa mshubiri au maji ya mawaridi badala ya mafuta, na hapo ndipo ninapoona ajali nyingi. Mafuta tete hayayeyuki katika maji. Utatikisa chupa, yatatawanyika kama vumbi, na ukiiweka mezani yatapanda juu kimya kimya. Siku ya tatu mtu anamimina kiganjani akidhani anapata asilimia 2, kumbe anapata yale ya juu ambayo ni makali kama yalivyotoka dukani. Kuyaunganisha kunahitaji kiunganishi kama polisorbeti 20, na kitu chochote chenye maji kinahitaji kihifadhi, la sivyo ndani ya wiki moja kinaota ukungu. Mimi niliwahi kumwaga chupa 40 za losheni ya mshubiri kwa sababu hiyo, na harufu yake sijaisahau.

Jambo la mwisho ni umri wa mafuta. Mti wa chai uliokaa wazi dirishani hubadilika kwa sababu ya hewa na mwanga, na vitu vipya vinavyozaliwa ndani yake ndivyo vinavyoleta mzio kwa watu wengi. Nunua chupa ndogo ya kioo cheusi, andika tarehe uliyoifungua, iweke mahali penye ubaridi, na baada ya mwaka usiitumie tena usoni. Kabla ya kugusa uso, apake mchanganyiko huo sehemu ndogo kwenye mkono, upande wa ndani karibu na kiwiko, mara mbili kwa siku kwa siku saba. Siku moja haitoshi, kwa kuwa mzio hauji siku ya kwanza.

Tabibu wa Ngozi, Moshi

Namuunga mkono fundi, hasa kuhusu siku saba. Naongeza kwamba kwa binti huyu nisingependa jaribio lolote la mafuta tete lifanyike kabla ya mabaka kutulia, na nikichagua kati ya mti wa chai na benzoili peroksaidi bado ningechagua ya pili kwa kuwa kipimo chake kimeandikwa kwenye tyubu. Mafuta ya mdalasini na ya mchaichai nayo, ambayo nayaona yakitajwa kwa chunusi, yana tabia zinazofanana na za karafuu. Yaachwe.

Mama wa Watatu, Tanga

Ndugu zangu, zimepita wiki tano na nimeona si vizuri kuchukua ushauri kisha nikanyamaza. Vipele vya kwenye paji havikuwa vinawasha. Tulimpeleka kwa mtaalamu wa ngozi, akasema maneno yanayokaribiana sana na ya tabibu wetu, hata kuhusu mchirizi, akampa ile dawa ya asilimia 2.5 na losheni ya jua. Ngozi iliyokuwa imewiva imepona. Mabaka bado yapo, ila lile la shingoni limefifia kwenye kingo. Usaha umepungua, ingawa juzi zimetoka chunusi mbili mpya kidevuni na akalia. Mtandio wake mweusi wa shule umepata alama za rangi ya chungwa chini ya kidevu, na sasa anavaa wa zamani akilala.

Limebaki swali moja. Wifi anauliza chupa yake ifanyiwe nini, na anasisitiza kwamba hakuuziwa mafuta feki.

Mzaliwa wa Wawi

Mwambie wifi hatujamtuhumu. Iwekeni juu kabatini mbali na watoto, maana akiyanywa mtoto mdogo, hata mililita chache zinaweza kumdhuru ini. Mtu mzima akiumwa jino usiku, tone moja kwenye pamba, aliguse jino lenyewe bila ya fizi, na asubuhi aende kwa daktari. Matone machache kwenye ndoo ya kupigia deki pia yanapendeza. Na kama anataka kujua kama ni safi, mfanyie lile jaribio la glasi.

Mama wa Watatu, Tanga

Tumelifanya sasa hivi, watoto wote wamezunguka meza. Tone lilisita kidogo juu ya maji, likajiviringa, kisha likazama mpaka chini.